Kinachofukuza Maji Kiooni ni Upepo

Dawa ya kufukuza maji kwenye vioo vya gari huuzwa kwa picha ileile kila mahali: nusu ya kioo cha mbele imefunikwa na mvua, nusu ya pili matone yanakimbilia juu na kuacha njia ikionekana wazi. Picha hiyo haidanganyi, ila haisemi gari lilikuwa linakwenda kasi gani. Kwa dereva anayetoka Saza kwenda Mkwajuni mwezi Januari, hilo ndilo jambo la kwanza kujua. Anayenunua dawa kwa jina lililoandikwa kwenye chupa, kabla ya kujiuliza gari lake hukimbia kiasi gani, kioo chake kimelala au kimesimama, na ni vumbi gani linalopita juu yake, ameanzia mwisho. Kwa magari mengi ya upande huu wa Songwe, dawa ya kioo cha mbele inastahili kuja baada ya mpira mpya wa waipa na kioo kilichosafishwa mpaka kikawa kioo kweli. Na kwa baadhi ya magari hayo haihitajiki kabisa.

Kioo kisafi hupenda maji. Uso wake una viungo vya oksijeni na haidrojeni vinavyoyavuta, ndiyo maana tone likitua hutandazika. Molekuli za dawa zina upande unaojifunga kwenye kioo na upande unaoyakataa maji. Zikishajipanga, hufanya tabaka jembamba mno, la kupimwa kwa nanomita, na tone linalotua juu yake hujikunja likawa duara. Wanaopima mambo haya hutazama pembe ambayo ukingo wa tone unaifanya na kioo. Kwenye kioo kisafi pembe hiyo ni ndogo; kwenye dawa za silikoni hufika karibu nyuzi 100, na kwenye zile za florini hupanda hadi karibu nyuzi 110. Rain-X ya Marekani ilijengwa juu ya silikoni. Aquapel, iliyotoka kwa kampuni ya vioo ya PPG, ilijengwa juu ya misombo ya florini, na aina hiyo kwa kawaida hudumu zaidi. Glaco ya kampuni ya Soft99 ya Japani ina chupa za zaidi ya aina moja, hivyo jina peke yake halimwambii mnunuzi amebeba nini.

Lakini pembe ni nusu ya habari. Tone linaweza kuwa duara zuri na bado likang'ang'ania pale lilipo. Kinachomfaa dereva ni tone kuteleza, na dawa iliyochakaa hupoteza utelezi mapema kuliko inavyopoteza uwezo wa kukunja tone. Ndiyo maana mtu humwaga maji kwenye kioo alichopaka miezi mitatu nyuma, akaona matone ya duara, akaridhika, kisha usiku ukifika analalamika kwamba haoni. Kila tone lililokwama ni lenzi ndogo mbele ya macho yake, na taa za lori linalokuja hutawanyika ndani ya mamia ya lenzi hizo.

Nguvu inayolitoa tone kwenye kioo cha mbele ni upepo wa gari lenyewe. Gari dogo lenye kioo kilicholala huanza kuyaona matone yakipanda kwa hakika kwenye kasi ya karibu kilomita 60 kwa saa. Chini ya hapo matone makubwa hutikisika na madogo hubaki. Kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma kasi hiyo hupatikana, ingawa sheria inataka kilomita 50 ndani ya makazi, na malori na mabasi yana kikomo cha 80. Kwenye barabara ya kifusi wakati wa mvua, yenye mashimo na utelezi, anayekwenda 60 ana tatizo kubwa kuliko la kioo. Halafu kuna umbo la gari. Kioo cha Coaster, cha Canter na cha lori lenye uso bapa kimesimama karibu wima, na upepo unaokigonga hausukumi tone juu kama ufanyavyo kwenye kioo kilicholala. Magari haya ndiyo yanayobeba watu na mizigo kati ya machimbo na miji.

Hapa ndipo mbinu ya zamani inastahili heshima kuliko inavyopewa. Madereva ambao waipa zao zimekufa katikati ya mvua wamezoea kusugua kioo kwa tumbaku iliyoloweshwa, kiazi kibichi au kipande cha sabuni. Wengi hudhani hiyo ni dawa ya kienyeji inayofanya kazi ileile ya chupa ya dukani, kumbe inafanya kinyume chake: inayalazimisha maji yatandazike yawe utando mmoja mwembamba ambao jicho linaweza kupenya bila kuvunjiwa picha. Utando hauhitaji upepo. Na si wazo la watu waliokosa hela. Watengenezaji wa Japani wamewahi kupaka vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma oksidi ya titani, ambayo ikipigwa na jua hufanya maji yatandazike badala ya kukunjana, kwa sababu walijua kioo cha pembeni kimejificha upepo. Kwa gari la mwendo mdogo, kioo kisafi ambacho maji yanatandazika juu yake, kikisaidiwa na waipa nzima, humwonyesha dereva njia vizuri kuliko kioo chenye dawa iliyochakaa nusu.

Kisha kuna vumbi. Saza iko ndani ya eneo la dhahabu la Lupa, lililochimbwa tangu enzi za mkoloni, na dhahabu ya huko imelala kwenye mishipa ya mawe ya kwatzi. Karasha zinasaga mawe hayo, malori yanayabeba, na unga wake huishia barabarani. Kwa kipimo cha ugumu wa madini, kwatzi ni 7 na kioo cha gari kiko kati ya 5 na 6, maana yake chembe ya vumbi hilo inaweza kukikwaruza kioo, na kioo hakina la kuifanya. Dereva anayewasha waipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi ameweka msasa chini ya mpira. Tabaka la nanomita chache halihimili hilo, liwe la silikoni au la florini. Mikwaruzo ya nusu duara inayobaki haizibwi na dawa yoyote, na ndiyo inayompofusha dereva usiku hata pasipo mvua.

Ndiyo sababu kazi ya kuandaa kioo inaamua zaidi kuliko chupa. Kioo huoshwa kwa maji mengi kwanza bila kusuguliwa, ili mchanga uondoke, kisha kwa sabuni ya maji. Kinachobaki hakionekani kwa macho: moshi wa dizeli, nta ya kuoshea gari, mafuta ya taa ambayo baadhi ya waosha magari hupitisha ili kioo king'ae. Molekuli za dawa haziwezi kuufikia uso wa kioo kupitia uchafu huo. Hujishika kwenye mafuta, na mafuta yakitoka, zinatoka nayo. Unga wa kung'arisha wa oksidi ya seriamu huuondoa uchafu huo, na kipimo chake ni maji: yakitandazika bila kukatika, kioo ni kisafi; yakijitenga na kuacha visiwa, bado. Baada ya hapo hufutwa kwa spiriti, hukauka, na dawa hupakwa kivulini, kioo kikiwa baridi, kwa mikono inayopishana. Ukungu ukitokea hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, hupakwa mkono wa pili, na gari hukaa kavu kwa saa kadhaa. Mpira wa waipa hufutwa kwa spiriti pia au hubadilishwa, la sivyo utaanza kurukaruka na kupiga kelele, na lawama zote zitaiangukia dawa. Msimu nao una neno lake: mvua za huku huja kwa mkupuo mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, kwa hiyo anayepaka Juni anaipaka dawa iliwe na vumbi la kiangazi.

Atakayenipinga ana ushahidi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba madereva wenye kioo cha mbele kilichopakwa dawa waliona vizuri zaidi kwenye mvua na kuitikia haraka zaidi. Siupingi. Unajibu swali la nini hutokea dawa inapofanya kazi, na jibu ni kwamba inasaidia sana. Swali la Saza ni lingine: itafanya kazi kwa siku ngapi chini ya vumbi la kwatzi, na kwa saa ngapi katika siku gari litafika kasi inayoihitaji. Dereva wa lori lisilo na uso bapa anayeshuka Dar es Salaam na kurudi Tunduma kila mara, kwa lami tupu, ana majibu mazuri kwa maswali yote mawili, na kwake ningesema anunue ya florini, aipake kwa utaratibu huo. Mwenye Probox anayeishi barabara kuu vilevile. Mwenye Canter ya kubeba mawe aweke fedha hiyo kwenye mpira wa waipa kila mwanzo wa mvua, na kwenye maji safi ndani ya tangi la kunyunyizia, bila sabuni ya unga, ambayo hukauka ikaacha utando.

Vioo vya milango ni habari tofauti kidogo. Havina waipa ya kuvikwaruza, vimesimama wima, na tone likiwa kubwa huteremka kwa uzito wake hata gari likiwa limesimama kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Huko silikoni ya bei nafuu hudumu kuliko inavyodumu mbele, na dereva anapata anachokihitaji zaidi anapopishana na malori: kukiona kioo chake cha pembeni kupitia kioo cha mlango. Kile cha pembeni chenyewe kisipakwe. Kiachwe kisafi, maji yatandazike. Na asiyejua kama kioo cha mbele cha gari alilonunua bado kina dawa ya mtu mwingine anyunyize maji kidogo jioni, gari likiwa limesimama, kisha alisukume tone moja kwa kulipuliza. Likikwama na kuacha mkia nyuma yake, arudi kwenye unga wa seriamu aiondoe dawa yote kabla ya kuamua kama anahitaji nyingine.