Uvimbe Unaoyumba Pembeni

Mgonjwa akishalala chali na tumbo likalegea, mpasuaji mzoefu hakimbilii karatasi ya ultrasaundi. Anapasha viganja joto, kisha anapapasa. Akikuta donge laini lisilouma, analisukuma kulia na kushoto: linatii. Akilisukuma kuelekea kifuani au kwenye nyonga, linagoma. Ishara hiyo ina jina la Paul Tillaux, mpasuaji wa Paris, aliyeuondoa uvimbe wa namna hii mwaka 1880 na mgonjwa akapona.

Siri yake ni maumbile. Utumbo mwembamba umening'inia kwenye utando uitwao mesenteri, ulioshikamana na ukuta wa nyuma wa tumbo kwa mstari wa sentimita 15 hivi, unaoshuka mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Kinachoota ndani ya utando huo huyumba kama mlango kwenye bawaba. Vidole vimeshasoma anatomia, na hakuna kilichofunguliwa!

Uvimbe huu wa mesenteri, uliojaa maji, ni nadra. Kwa watu wazima hukadiriwa mmoja katika wagonjwa 100,000 wanaolazwa, kwa hiyo wapasuaji wengi hustaafu bila kuuzoea. Ndiyo maana ultrasaundi na CT skani zinafuata, na maswali pia. Mfugaji wa Turkana huulizwa habari za mbwa, maana donge linaweza kuwa uvimbe wa minyoo ya mbwa: huo ukitobolewa ovyo humwaga mbegu za minyoo tumboni, na mzio wake unaweza kuua.

Kwenye meza ya upasuaji, kishawishi ni kunyonya maji kwa sindano na kumaliza mapema. Lakini ukuta ukibaki, maji hurudi. Fundi huchana tabaka la juu la utando, akatafuta mpaka mwembamba kati ya uvimbe na mishipa ya damu, akaubandua kidogo kidogo. Hapa ndipo ninapomvulia kofia, maana mshipa mmoja ukikatwa kwa pupa, kipande cha utumbo kinakufa. Mpaka usipopatikana, hukata uvimbe pamoja na kipande cha utumbo na kuziunga ncha mbili; wala huko si kushindwa.

Kisha anasubiri, akitazama rangi. Utumbo ukibaki wa waridi na kujongea unapoguswa, anafunga tumbo, na uvimbe unapelekwa maabara ya patholojia, ukiwezekana mzima, maji yake yakiwa ndani.