Zamu Waliyonyimwa Wanawake wa Washington

Bayard Rustin aliyaandaa maandamano ya haki za raia ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 kwa muda usiotimia miezi miwili, akawakusanya watu wapatao 250,000 pasi na ghasia, na kwa hilo anastahiki sifa. Bali ratiba ya wasemaji ilikuwa na kosa ambalo, kwa hukumu yangu, halina udhuru.

Mlioitazama filamu ya siku ile mwajua kwamba viongozi wanaume walipewa zamu ya kuhutubu, ilhali wanawake walitengewa kipindi kifupi cha kuenziwa. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee katika kamati ya utawala, alikwisha kumwandikia A. Philip Randolph, kiongozi wa maandamano, kulipinga jambo hilo. Na udhuru uliotolewa ni kwamba kumteua mwanamke mmoja kungezusha tafrani baina ya wanawake wengine na vyama vyao. Viongozi wanaume nao, ambao vyama vyao vilishindania fedha na sifa, si walisuluhishwa kwa kila mmoja kupewa zamu yake? Vipi basi ushindani ule ule, ulipodhaniwa kwa wanawake, ukatibiwa kwa kuwanyamazisha? Dorothy Height, rais wa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, aliketi papo hapo jukwaani asiitwe kusema. Gloria Richardson wa Cambridge, Maryland, aliwahi kuamkia tu, kipaza sauti kikaondolewa. Daisy Bates wa Little Rock, aliyeshika nafasi ya Myrlie Evers aliyechelewa njiani, alisema maneno yasiyofika 150.

Mtanijibu kwamba Mahalia Jackson na Marian Anderson walisikika. Naam, waliimba, tena kwa uzuri usio kifani. Lakini nimelisema tangu zamani, wala sitachoka kulisema, kwamba kumwita mwanamke aimbe si kumpa neno katika shauri.

Ida B. Wells, mtetezi wa haki za Weusi na za wanawake, asingeyaridhia hayo. Katika mji huo huo, tarehe 3 Machi 1913, katika maandamano ya kudai kura kwa wanawake, alipotakiwa aandamane nyuma kwa ajili ya rangi yake, alikataa katakata, akajiunga na safu ya wajumbe wa Illinois.

Na nguvu ya neno la mwanamke ilionekana mwaka mmoja baadaye. Tarehe 22 Agosti 1964 Fannie Lou Hamer, mpigania haki ya kura wa Mississippi, alipewa zamu mbele ya kamati ya chama cha Democratic mjini Atlantic City, na Rais Johnson akaitisha mkutano wa ghafla na waandishi ili kamera zimwache. Usiku ule televisheni zikauonyesha ushahidi wake kwa taifa zima.