Kamba Ipo, Watu Hawapo: Uhakiki wa Sinema ya Hatari!

Mjadala wa sanaa na ukweli hapa kwetu mara nyingi huishia kwenye vitabu. Mwandishi wa riwaya tunambana atueleze wahusika wake wametoka katika jamii gani, lakini mtengenezaji wa sinema tunamwachia apite. "Aa, ile ni sinema tu bwana!" Makala hii inapinga kauli hiyo. Hoja yangu ni kwamba sinema inadaiwa ukweli na watu inaowaonyesha, na deni hilo halilipwi kwa kupatia vifaa na mavazi peke yake.

Mfano wangu ni Hatari!, sinema ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962. Nimeichagua kwa sababu ilipigwa huku huku Arusha. Kwa sisi wa Nduruma, mlima wake ni huu huu Meru tunaouamkia kila siku, ila wapiga picha waliweka kambi upande wa pili, Momella.

Kwanza tumpe Hawks haki yake. Sinema inahusu kundi la wakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama ng'ambo, likiongozwa na Sean Mercer, yaani John Wayne. Kazi hiyo ilikuwepo kweli Tanganyika, na mkamata wanyama wa kweli, Willy de Beer, aliajiriwa kuwa mshauri. Hawks alieleza kwamba waigizaji walikamata wanyama wenyewe. Wayne anakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, na gari linamfukuza kifaru porini. Kuna kifaru aliyechomoka kweli wakati wa kupiga picha, wakamkamata upya, na tukio hilo likaachwa ndani ya sinema. Hapo fani imeibeba kazi. Mtazamaji anaelewa kwamba dereva, mwenye kitanzi na wavuta kamba wasipoelewana, mtu atakufa.

Yapo pia mambo yasiyo ya kweli ambayo hayamdhuru mtu. Pockets anatengeneza roketi ya kurusha wavu juu ya mti mzima ili anase nyani mamia kwa mkupuo mmoja. Uongo mtupu! Lakini ni kichekesho, na kila mtu anajua ni kichekesho. Anayedai usahihi hapo hajui sanaa.

Sasa hebu tuangalie nyuma ya lori. Waafrika wamo. Wanavuta kamba zile zile na kukabiliana na kifaru yule yule. Lakini Kurt amepewa historia ya kuwa dereva wa magari ya mashindano, na Pockets amepewa woga wake wa wanyama. Hawa wa nyuma ya lori hawana jana wala kesho. Wanasogezwa mbele ya kamera wakati wa ngoma, pale mgeni kutoka Ulaya anapopewa jina la Mama Tembo. Yaani mwenyeji akifanya kazi haonekani, akicheza ngoma ndipo anaonekana.

Na wenyeji hao walikuwa akina nani? Jirani na Momella ni Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru huko ili ardhi wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwatetea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawks alipiga picha zake mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, wakati Nyerere tayari ni Waziri Kiongozi. Sinema ilipotoka, nchi ilikuwa imeshapata Uhuru. Watu waliokuwa wamepeleka kesi yao mbele ya dunia wanaonekana humo kama pambo la mandhari.

Najua nitaulizwa: kwani Hawks alitakiwa kutengeneza sinema ya ardhi? Hapana. Ebrahim Hussein mwenyewe, katika utangulizi wa Kinjeketile, anatueleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu na si nakala ya yule wa historia. Lakini Hussein alibadili mambo ili tuelewe zaidi kwa nini watu walisimama dhidi ya Wajerumani. Uhuru wa msanii ulimsogeza karibu na watu. Uhuru wa Hawks ulimweka mbali nao.

Tena kosa hili linaharibu hata usahihi ambao Hawks aliutafuta kwa jasho. Kukamata wanyama hakuendi bila mtu anayezijua nyayo, upepo na vichaka vya pale. Ingetosha mtu mmoja wa lorini, mwenye jina, aseme kifaru ataelekea wapi, na Mercer amsikilize.

Wala deni hili si la kutusifu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, iliionyesha Mwanza kwa ubaya kiasi kwamba mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Unaweza kubishana na Sauper kuhusu madai yake ya ndege za kubeba silaha, na mabishano hayo ni ya haki. Lakini humo mlinzi wa usiku anaeleza kazi yake na ujira wake kwa kinywa chake. Sinema inaweza kutuudhi na bado ikamtambua mtu.

Kwa hiyo, wahakiki wenzangu, tusiishie kuuliza kama bunduki ni ya miaka ile au kama kitanzi kimefungwa sawasawa. Tuulize pia nani kazi yake inahesabiwa kuwa kazi, na nani amewekwa pale ili mwingine aonekane shujaa. Hatari! inastahili kutazamwa, tena mimi naipenda. Lakini miaka zaidi ya sitini imepita, na wale wavuta kamba bado hawana majina.