Alishushwa cheo, kisha akapata Nobeli

Unajua kwamba Katalin Karikó, mmoja wa washindi wawili wa Nobeli ya Tiba mwaka 2023, aliwahi kushushwa cheo na chuo chake? Ilikuwa 1995, kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Kosa lake? Hakuleta ruzuku. Alikuwa anahangaika na mRNA, ambayo wakati huo wengi hawakuona kama ingefaa kutibu mtu.

Tuwe wa haki. Kwenye vitivo vingi vya tiba Marekani, mtafiti hutarajiwa kujitafutia sehemu kubwa ya mshahara wake kupitia ruzuku. Asipopata, maabara italipiwa na nani? Na kamati ya vyeo lazima iwe na kipimo.

Shida ni kipimo chenyewe. Ruzuku ni maoni ya wanasayansi wengine kuhusu wazo lipi lina matumaini. Ukiitumia tena kupandisha watu vyeo, umehesabu maoni yaleyale mara mbili: wazo limekosa pesa, sasa na mwenye wazo anakosa nafasi. Majaribio yake hakuna aliyelazimika kuyasoma.

Karikó aling'ang'ania. Mwaka 2005, yeye na Drew Weissman walionyesha namna ya kubadili mRNA ili kinga ya mwili isiishambulie. Chanjo za korona za Pfizer-BioNTech na Moderna zimesimama hapo.

Usiniambie mambo yaliisha vizuri. Wangapi walishushwa hivyohivyo wakaondoka kimya kimya? Hao hatutawajua. Kamati isome kazi kwanza, pesa ihesabu baadaye.