Heko kwa Redio Ndogo za AM

Nazipa heko redio ndogo za AM za Marekani, zile za mji wenye barabara kuu moja, ambako mtangazaji ndiye fundi, na mchana ndiye anayezunguka madukani kutafuta matangazo. Asubuhi husoma tanzia, bei ya mahindi na matokeo ya mechi za shule ya sekondari. Nani wa New York atakusomea hayo?

Nyingi hulazimika kuzima mitambo au kupunguza nguvu jua linapozama, kwa kuwa usiku mawimbi ya AM hurudishwa na anga ya juu yakaenda kuvuruga vituo vya mbali. Sasa mota za magari ya umeme nazo zinayakwaruza, na baadhi ya watengenezaji wameiondoa AM garini. Ford walitaka hivyo, wakarudi nyuma mwaka 2023. Februari 2024, WJLX ya Jasper, Alabama, ilisema mnara wake wa futi 200 umeibwa. AM iliponyamaza, kanuni zikaizima na FM yake.

Wewe msomaji mwenye duka huko, wapelekee tangazo. Ndilo linalolipa umeme wao.