Mkono Kabla ya Kete

Nilijifunza kutazama bao kabla sijajifunza kulicheza. Ilikuwa Musoma, upande wa Mwigobero, hatua chache kutoka mwaloni, enzi ambazo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi tulisubiri mpaka 1994. Redio ilikuwapo, na taarifa ya habari ikianza watu walinyamaza. Ila cha kutazama, kitu cha kukukalisha mpaka kivuli kikuhame na usitambue kwamba jua linakuchoma kisogo, kilikuwa ubao wa mti wenye mashimo 32 chini ya mwarobaini.

Sisi watoto tulifika, tukaamkia shikamoo kwa sauti moja, tukaitikiwa marahaba na watu wasioinua macho. Nafasi yetu ilikuwa nyuma ya mabega ya wakubwa. Hukuruhusiwa kumwegemea mtu, hukuruhusiwa kuuliza swali, na kosa lisilosameheka lilikuwa kunyooshea shimo kidole. Aliyenyoosha kidole alifukuzwa, hata akiwa mjukuu wa mchezaji. Niliichukia amri hiyo wakati ule. Sasa naielewa: aliyekuwa akicheza alikuwa amebeba kichwani kitu kizito kisicho na mpini, na kidole chako kingemfanya akidondoshe.

Mchezaji niliyemfuata kwa macho miaka ile alikuwa mzee mshona nyavu. Ujanani alikuwa askari, akakaa pwani miaka mingi, na huko ndiko alikotoka na ubao wake na mfuko wa komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, laini kama zimepakwa mafuta. Michezo ya mashimo haikuwa migeni kwetu. Wajaluo wana ajua yao, Wasukuma tunaopakana nao upande wa kusini wana isolo, na wachungaji huchimba mashimo mchangani na kucheza kwa vijiwe mpaka ng'ombe waingie shamba la mtu. Lakini ubao wa mzee ulikuwa wa bao la Kiswahili, wenye nyumba na wenye namua, na mimi huo ndio ulionishika.

Kwa asiyelijua, kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane. Kete zote ni 64, kila mtu 32. Mchezo unapoanza, ubaoni kila mmoja ana kete 10 tu: sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Zile 22 zilizobaki ziko mkononi, na huingia moja moja, zamu kwa zamu. Hiyo ndiyo namua. Ukimmaliza mwenzako kabla hazijaisha, umemfunga mkononi, na aibu ya kufungwa mkononi mtu huenda nayo mpaka kwake. Zikiisha, mnaingia kwenye mtaji, ambako kila mmoja anacheza na alichonacho ubaoni. Anayebaki na safu ya mbele tupu ameshindwa. Watazamaji hawasubiri atangaziwe. Wao ndio wanaosema, kwa pamoja na kwa sauti ya chini: hamna.

Sheria hizo mtoto hujifunza kwa wiki moja. Ufundi uko kwingine, nami sijui namna ya kuueleza bila kuonyesha zamu moja, moja tu kati ya maelfu.

Mzee anatia kete katika shimo lake la tatu kutoka kushoto, safu ya mbele. Ng'ambo yake mna kete nne za mpinzani. Anazila. Kwa kuwa amekula katikati ya safu, yuko huru kuanza kuzigawa kutoka kichwa, yaani shimo la mwisho la safu, cha kulia au cha kushoto. Akianza kulia, kete ya nne inaangukia ndani ya nyumba yake mwenyewe; ng'ambo ya nyumba ni patupu, basi anaweza kusimama hapo hapo, nyumba imenona, zamu imekwisha. Kila mtazamaji aliiona njia hiyo. Hata mimi niliiona. Mzee akaanza kushoto. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Shimo la nne lilikuwa na kete mbili, sasa zimekuwa tatu, na ng'ambo hakuna cha kula, kwa hiyo anazizoa na kuendelea. La tano ndiyo nyumba, inaongezewa moja na kupitwa, la sita, la saba. Katika la saba kulikuwa na kete moja, na ng'ambo yake zimelala tano za mpinzani. Anazila. Lakini shimo la saba ni kimbi, shimo la jirani na kichwa, na ukila kwenye kimbi unalazimika kuanzia kichwa cha upande huo huo, kwa hiyo mwendo uliokuwa ukielekea kulia unageuka kurudi kushoto. La nane, la saba, la sita, nyumba, la nne. Na la nne ndilo alilolizoa muda mfupi uliopita. Kete ya tano inaanguka peke yake kwenye mti mtupu, na mzee analala, kama tunavyosema zamu inapoishia shimo lisilo na kitu.

Amekula kete tisa badala ya nne. Kilichonikaa moyoni kwa miaka yote hii ni lile shimo la nne. Kabla ya kutia kete yake ya kwanza mzee alijua kwamba safari itageuka kwenye kimbi, na kwamba ikigeuka itakuta pengo aliloliacha yeye mwenyewe njiani. Alikuwa amehesabu utupu ambao bado hajautengeneza. Na hiyo ni zamu fupi. Zipo zamu ambazo mkono huzunguka ubao mara tano, mara sita, safu ya mbele, safu ya nyuma, ukila na kuzoa, na kila kete inayodondoka inabadilisha hesabu ya zile zinazofuata. Mchezaji mzuri huipitia safari yote hiyo akiwa ametulia, mkono ukiwa juu ya shimo, haujagusa kitu.

Ule muda wa mkono juu ya shimo ndio niliokuwa nikiusubiri. Mara nyingine ulikuwa mfupi kama pumzi moja. Mara nyingine ulichukua muda wa kuvuta sigara nzima, mitumbwi ikaingia, dagaa wakashushwa, mtu akaja kuuliza bei na kuondoka, na mkono upo pale pale. Hakuna aliyemharakisha. Ukimtazama vizuri, macho ya mzee hayakuwa kwenye shimo lililo chini ya mkono wake. Yalikuwa mbali, upande mwingine wa ubao, mahali ambapo safari ingekwenda kuishia. Macho yalitangulia, mkono ukafuata.

Na ulipofuata, ulifuata bila kurudi nyuma. Mchezaji mchanga huzoa kete, huzitazama kiganjani, huzihesabu kwa midomo, hurudisha moja, huomba radhi. Mzee alizoa mara moja na kujua kwa uzito ni ngapi. Kete zilitoka kwa ncha za vidole moja moja kama matone ya paa baada ya mvua, kwa mwendo mmoja, na masikio yetu yaliweza kuzifuata hata tukiwa tumezibwa na mabega ya watu: komwe ikigonga mti mtupu hutoa sauti kavu, ikiangukia wenzake hutoa sauti nzito, iliyofumbwa. Nyumba iliyojaa ina sauti yake. Nilifika mahali pa kuweza kufumba macho na kusema, sasa amepita nyumba, sasa yuko kichwani, sasa amelala. Hicho ndicho kipimo cha juu kabisa nilichowahi kufikia katika mchezo huu.

Kutoka Musoma kwenda Butiama ni mwendo wa zaidi ya kilomita 40, na huko bao lina historia ambayo wengi wanaijua nusu nusu. Picha za Mwalimu Nyerere akicheza bao na wazee wa kwao zimeonwa na watu wengi. Baada ya kuachia urais mwaka 1985 alirudi Butiama, na bao lilikuwa sehemu ya siku zake huko. Ila simulizi ninayoipenda ni ya zamani zaidi. Husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, ambayo leo iko Bunda, alikuwa na urafiki na Mtemi Burito wa Wazanaki, na alipofika Butiama alicheza bao na mtoto wa Burito aitwaye Kambarage, ambaye ndiye Mwalimu mwenyewe. Mtoto akamshinda. Mtemi Makongoro akamshauri rafiki yake ampeleke mtoto huyo shule. Mwaka 1934 Kambarage, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, hapa Musoma.

Watu huisimulia hadithi hiyo kama ushahidi kwamba mtoto alikuwa na akili ya hesabu. Mimi niliyesimama nyuma ya mabega kwa miaka mingi naamini mtemi aliona zaidi ya hesabu. Mtoto anaweza kukufunga kwa bahati. Bao lina mizunguko ambayo hata mjinga huipanda akafika nayo mbali. Mzee aliyecheza sana haangalii kete ngapi zimeliwa. Anaangalia mtoto anatulia namna gani kabla ya kutia, na macho yake yako wapi wakati mkono umesimama. Huwezi kucheza na mtu mchana kutwa bila kujua kama anaona mwisho wa njia au anatembea tu.

Utulivu huo nimeukuta hata mbali na bao. Miaka ya karibuni nimetazama kwenye simu mikanda ya zamani ya mchezo wa Kimarekani wa kuangusha pini kumi kwa mpira mzito. Kuanzia mwaka 1962 televisheni ya ABC iliuonyesha Jumamosi mchana, mashindano ya wachezaji wa kulipwa kina Don Carter na Dick Weber, na familia nzima zilikaa kutazama. Kipindi hicho kiliendelea mpaka 1997. Mwaka 1967 mchezaji aitwaye Jack Biondolillo aliangusha pini zote mara 12 mfululizo, alama 300, mchezo mkamilifu wa kwanza wa mashindano hayo kuonekana moja kwa moja kwenye televisheni. Wamarekani waliokua enzi hizo huzikumbuka kwa hamu ileile niliyonayo kwa mwarobaini wa Mwigobero, na nilipotazama nilijua kwa nini. Kabla ya kutupa, mchezaji husimama, mpira ukiwa kifuani, na kamera haiondoki. Ukumbi mzima unanyamaza. Kwa muda huo mfupi unamtazama mtu anayeona kitu ambacho bado hakijatokea.

Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akakamilisha huko Leiden tasnifu kuhusu umahiri wao, akitaka kujua akili ya mwanadamu inafika wapi katika kuhesabu mizunguko hiyo. Nimefurahi kwamba kuna msomi aliyeona kuwa watu wale wanastahili miaka ya utafiti. Lugha yetu ilikuwa imeshaushuhudia uzito wa mchezo huu kimya kimya. Tunasema timu imefunga bao, tunasema fulani amempiga mwenzake bao, na wengi wanaosema hivyo hawajawahi kushika kete.

Stendi ya Bunda siku hizi utakuta vijana wa bodaboda wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, tena wanacheza vizuri, kwa kasi na kelele. Siwalaumu. Ila kila nipitapo hutafuta ubao wenye mashimo, na mara nyingi siuoni.

Ule wa mzee mshona nyavu nimeuona. Mwenyewe amekwishafariki, uko kwa ndugu zake hapo Bunda, umepasuka pembe moja, na komwe tatu zilizopotea zimefidiwa kwa vijiwe vya ziwani. Nilipokwenda kuwasalimu mwaka jana, binti wa miaka kumi hivi alikuwa akicheza na mjomba wake kwenye baraza. Nilisimama nyuma ya bega lake kama zamani. Kijiwe kikidondoka kilitoa sauti isiyo yake, na kila mara binti alikunja uso kidogo, kama mtu aliyesikia ngoma iliyolegea.

Mjomba alikuwa anaongoza. Nyumba yake ilikuwa nzito, na safu ya mbele ya binti ilikuwa na mashimo matatu tu yenye kitu. Ilikuwa zamu ya binti. Akainua mkono wenye kete moja, akausimamisha juu ya shimo la pili, na hakuitia. Mjomba akasema, "Haya mama, tia." Hakutia. Nikainama kidogo nimwone uso. Shimo la pili hakulitazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa yameshafika upande wa pili wa ubao, kule kwenye kimbi ya kulia.