Kumwagilia kwa Samadi

Ukali wa tangawizi, ule unaochoma koo na kutuliza kichefuchefu, husifiwa kama tabia ya mmea wenyewe, na mkulima huonekana mtu aliyeufukia ardhini akarudi kuufukua. Kwa kumtazama hivyo tunamdhulumu. Tunguu nono lenye dawa ndani yake ni kazi ya ustadi, na ustadi huo, kwa maoni yangu, umejengwa juu ya utambuzi mmoja: samadi ni njia ya kumwagilia, na maji ndiyo yanayoifanya samadi iwe chakula. Asiyelijua hilo anaweza kuwa na mfereji mlangoni na zizi lililojaa ng'ombe, na bado akavuna vidole vyembamba.

Mmea wenyewe unadai hivyo. Tangawizi haipandwi kwa mbegu. Hupandwa kipande cha tunguu chenye jicho, na hukaa shambani miezi 8 hadi 10. Hakuna masika wala vuli inayodumu kiasi hicho. Isitoshe, mizizi yake ni mifupi, kwa hiyo tabaka la juu la udongo likikauka, mmea hauna pengine pa kunywea. Katika milima ya Upare, wilayani Same, ambako tangawizi ya Mamba na Myamba imepata jina, jibu la shida ya maji lilikuwapo tangu kabla ya ukoloni: ndiva, bwawa dogo kwenye njia ya kijito, linalojaa usiku na kufunguliwa mchana ili maji yateremke kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Zamu hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Mkulima hapati maji anapoyataka, huyapata siku yake ikifika, na kati ya zamu na zamu ni udongo unaopaswa kuyatunza.

Udongo huyatunza kwa samadi. Ikiwa imeoza vizuri, hushikamanisha mchanga usipitishe maji ovyo, na kwenye mfinyanzi hufanya kinyume: huuachanisha, hewa ikapita. Jambo hili si dogo, maana tunguu linapenda unyevu lakini halivumilii maji yaliyotuama. Likilowa siku nyingi huoza, na mnyauko wa bakteria husafiri na maji hayohayo kutoka tuta hadi tuta. Ndiyo maana mkulima hodari huinua matuta, akachanganya samadi kabla ya kupanda, akatandaza nyasi juu, kisha akaongeza mboji anapopandishia udongo miezi miwili mitatu baadaye, wakati machipukizi yanazidi na tunguu linaanza kutanuka. Nchini India, inayoongoza duniani kwa kilimo cha tangawizi, hupendekezwa tani 25 hadi 30 za samadi kwa hekta. Ni mzigo mkubwa kwa mtu anayeubeba kichwani mlimani, na kila anayesifu kilimo hai angepaswa kuufikiria mzigo huo kwanza. Tena si samadi yoyote. Mbichi huunguza machipukizi na kuleta mbegu za magugu. Sharti ikae kwenye biwi, igeuzwe, ipoe. Ikiwekwa kwenye udongo mkavu hulala tu, kwa sababu vijidudu vinavyoiozesha na kuachilia naitrojeni havifanyi kazi bila unyevu. Nayo maji yakizidi, huisomba naitrojeni hiyo hadi mizizi isikofika.

Wapo watakaosema kwamba mfuko wa mbolea ya viwandani humaliza mjadala. Wana hoja. Mbolea hiyo hulisha haraka na hubebeka, na pale ambapo udongo umechoka au mifugo ni michache, kuikataa kwa itikadi ni kumwadhibu mkulima. Lakini haishiki maji wala haifungui mfinyanzi. Kwa zao la miezi 10 linalosubiri zamu ya ndiva, hilo ni pengo ambalo mfuko hauzibi. Ikitumika, na itumike juu ya samadi, si badala yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanaoijali dawa kuliko kilo. Husema kwamba mmea ulioteswa na kiu huwa mkali, na ule uliobembelezwa hujaa maji matupu. Kuna ukweli hapo: mimea mingi ikibanwa na kiu ya wastani hujilimbikizia kemikali za kujilinda, na mara nyingi kemikali hizo ndizo tunazoziita dawa. Ila ukali wa gramu moja ni nusu ya hesabu. Dawa inayotoka shambani ni ukali uliozidishwa kwa uzito, na kiu inayokuja tunguu likiwa bado linatanuka hula uzito usiorudi. Mkulima mwenye ustadi hunywesha sawasawa miezi yote ya ukuaji, halafu majani yanapoanza kuwa manjano hufunga mfereji, wiki kadhaa kabla ya kuvuna, ili ngozi ikomae. Kunyima maji kwa wakati wake nako ni umwagiliaji. Wanaotaka kuliepuka swali zima kwa kusifu mizizi ya porini wautazame mukombero, ambao watu wa magharibi mwa Kenya huutafuna mizizi: ulichimbwa katika msitu wa Kakamega hadi ukaadimika, na sasa wakulima wa huko wanaupanda mashambani. Jani ukilichuma litachipua jingine. Mzizi ukiung'oa, mara nyingi umeua mmea mzima.

Kinachonisikitisha ni kwamba sokoni ustadi huu haupimwi. Mizani hulipokea tunguu lililovunwa likiwa limejaa maji, na lile lililofungiwa mfereji likakomaa, kwa bei ileile ya kilo, kwa hiyo aliyesubiri hulipwa pungufu kwa subira yake. Mnunuzi anayekausha tangawizi angefaidika kulipa kwa ukavu, na vyama vya ushirika vingeweza kulidai hilo kesho. Kipimo chake hakihitaji maabara: inachukuliwa kilo moja kutoka kila gunia, inakatwa vipande vyembamba, inakaushwa, kisha inapimwa tena mbele ya aliyeilima.